Wimbo wa Kopi na Wimbo Wenyewe

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni binti ninayeimba na bendi inayopiga zilipendwa kwenye kumbi za harusi hapa Mwanza. Mwezi uliopita, katika ukumbi mmoja wa Kirumba, niliimba "Malaika", na pale panaposemwa "ningekuoa" nikasema "ungenioa", kwa kuwa mwanamke haoi bali huolewa. Mjomba wangu alinikemea kwamba nimeuharibu, na kwamba kopi haiwezi kamwe kuushinda wimbo wenyewe. Je, ni kweli?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mjomba wako ana haki ya kukasirika kidogo, ila si kwa sababu aliyoitoa, maana kopi huweza kuushinda wimbo wenyewe. Otis Redding wa Marekani alirekodi "Respect" mwaka 1965 kwa sauti ya mwanamume anayerudi nyumbani na pesa akidai heshima. Aretha Franklin alipourudia mwaka 1967 alimgeuza msemaji akawa mwanamke, akaongeza sehemu ya kulitaja neno hilo herufi kwa herufi, na leo wengi wakiusikia humkumbuka yeye.

"Malaika" umepita njia nyingine. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 (nani hasa aliutunga ni ubishi usiokwisha), Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauvumisha duniani, kisha wakaja Boney M mwaka 1981 na Angélique Kidjo mwaka 1991. Makeba aliliacha "ningekuoa" kama lilivyo. Sikio la Mswahili hulinasa neno hilo katika kinywa cha mwanamke, lakini halikereki, kwa sababu anayelia ni kijana yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho.

Wewe uligeuza neno moja ukayaacha mengine. Mizani haikupungua, kwani "ningekuoa" na "ungenioa" yote yana silabi 5, na bila shaka ndiyo maana wapigaji wako hawakujikwaa. Kilichovunjika ni maana: kabla tu ya neno hilo msemaji analalamika kwamba "nashindwa na mali sina", na mahari hutolewa na mwanamume, jambo ambalo huku Usukumani, kwenye mahari ya ng'ombe, halihitaji kuelezwa. Ukishasema "ungenioa", aliyekosa mali si wewe tena, hivyo ingekubidi uimbe "washindwa na mali huna". Silabi zitatosha vilevile, lakini kilio cha kijana mnyonge kitakuwa kimegeuka masuto ya binti aliyechoka kungoja.

Ukitaka kuurekodi na maneno hayo, anzia Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kwa kuwa ruhusa ya kuubadili ni ya mwenye haki, si ya kiongozi wa bendi. Kwa upande wangu, ningependa kuyasikia masuto hayo, ila usiyaimbe harusini, mbele ya bwana harusi ambaye ng'ombe wake wameshafika zizini kwa wakwe.