Nafasi za satelaiti juu ya ikweta: je, haki yetu bado ipo?

SWALI: Mtaalamu, nimesoma kwamba mwaka 1976 Kenya, Uganda na Zaire zilidai kuwa sehemu ya anga ya satelaiti iliyo juu yao ni mali yao. Dai hilo lingefaulu, lingetufaa? Na leo nchi kama Tanzania, isiyo na satelaiti yake ya mawasiliano, bado ina nafasi huko juu au wakubwa wameshazimaliza? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Nafasi yenu ipo, na imeandikwa. Lakini hudhoofika mwenyewe akikaa kimya, na kwa maoni yangu huko ndiko nchi maskini zinakopunjika zaidi.

Kwanza, kinachogawanywa ni nini? Satelaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja hukaa kwenye duara moja tu, juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Mzingo wa duara hilo ni kama kilomita 265,000, hivyo nyuzi moja ni karibu kilomita 736. Mahali pa kuziweka si haba. Kinachoadimika ni masafa ya mawimbi ya redio. Dishi la nyumbani la sentimita 60, kwenye masafa ya gigahezi (GHz) 12, hupokea kwa upana wa karibu nyuzi 3. Satelaiti mbili zinazorusha kwa masafa yaleyale kuelekea eneo lilelile, zikisogeleana kuliko hapo, dishi huzipokea zote mbili na picha huharibika.

Azimio la Bogota la Desemba 1976 lilitiwa saini na nchi za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Zaire na Kongo-Brazzaville. Lilikwama kwenye Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ambao kifungu chake cha pili kinakataza taifa lolote kujimilikisha anga za juu. Chukua ramani uone kama lingewafaa. Kenya, ambayo kwenye ikweta iko kati ya nyuzi 34 na 41 mashariki, ingepata karibu kilomita 5,150 za duara. Tanzania, Rwanda na Burundi, zilizo kusini ya ikweta kwa kiasi kidogo tu, zisingepata hata mita moja. Hata hivyo malalamiko yenyewe yalikuwa ya haki, na hayakupotea bure. Kifungu cha 44 cha Katiba ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, kinayataja masafa na mizunguko ya satelaiti kuwa maliasili yenye kikomo, ambayo nchi zote zinapaswa kuifikia kwa usawa, kwa kuzingatia mahitaji ya nchi zinazoendelea.

Usawa huo hutekelezwa kwa njia mbili ambazo hazifanani kabisa. Ya kwanza ni ya anayetangulia kuomba. Nchi huwasilisha maombi, hujadiliana na wale waliotangulia, na ina miaka 7 tangu maombi yapokelewe ya kuweka satelaiti na kuanza kuitumia. Satelaiti yenye uwezo wa kutumia masafa hayo lazima ikae mahali hapo siku 90 mfululizo, na taarifa itolewe ndani ya siku 30 baada ya hapo. Zaidi ya hapo, haki inakufa. Njia hii humfaa mwenye fedha na wahandisi, na imewahi pia kutumiwa kulimbikiza nafasi za kwenye makaratasi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tonga, nchi ndogo ya Pasifiki, iliomba nafasi 16, ikalalamikiwa na kubaki na chache, ambazo ilizikodisha.

Njia ya pili ni Mpango, yaani mgao uliowekwa mapema kwa kila nchi, iwe na satelaiti au isiwe nayo. Wa utangazaji uliwekwa mwaka 1977, na ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2000 kila nchi ya kanda yetu, inayojumuisha Afrika na Ulaya, ilipewa masafa yanayolingana na chaneli 10 za analojia. Wa mawasiliano ya kawaida ulipitishwa mwaka 1988: kila nchi ina mahali pake kwenye duara na MHz 800 za kupandisha mawimbi na MHz 800 za kuyashusha, kwa ajili ya eneo lake yenyewe. Hii ndiyo nafasi unayoiuliza.

Sasa, inadhoofikaje? Katika mpango wa utangazaji, nchi nyingine inaweza kuomba mtandao wa ziada wa satelaiti unaoingiliana na mgao wako. Maombi yake huchapishwa katika waraka wa ITU unaotoka kila wiki mbili. Usipojibu ndani ya miezi minne, unahesabiwa umekubali. Ukimya huo ukijirudia miaka ishirini, mgao wako unabaki jina tu. Kufikia mkutano wa ITU wa Sharm el-Sheikh mwaka 2019, nchi 55 zilitambuliwa kuwa ulinzi wa migao yao umeshuka kwa desibeli 10 au zaidi chini ya kiwango, yaani mwingiliano umefika angalau mara kumi ya ule unaovumilika. Azimio namba 559 la mkutano huo liliziruhusu kuomba upya na kupewa kipaumbele. Kunyamaza kwa mdhibiti wa mawasiliano wa nchi mwenye wahandisi wawili wa satelaiti si ridhaa, na kanuni inayolihesabu hivyo ina kasoro ya kimaadili. Lakini ndiyo inayotumika.

Kwa hiyo mdhibiti anapaswa kuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuusoma waraka huo, kuupitisha kwenye programu za ITU za kukokotoa mwingiliano, na kupinga kwa maandishi kabla ya miezi minne kwisha. Kuugeuza mgao wa mawasiliano kuwa matumizi halisi kuna ratiba yake: takwimu za mtandao (longitudo, masafa, nguvu ya mawimbi, eneo la kufikiwa, antena za ardhini) hupelekwa ITU si mapema kuliko miaka 8 wala si baadaye kuliko miaka 2 kabla ya kuanza kuutumia. Zikibaki ndani ya mipaka ya mgao, hakuna haja ya kujadiliana na mtu. Ukitaka kufikia nchi jirani, lazima ujadiliane. Muda ukikupita kabla ya kurusha, mgao wa taifa hurudi kwenye Mpango. Ombi la njia ya kwanza likichelewa, hurudi mikono mitupu. Kuhusu gharama, kila nchi mwanachama ina haki ya chapisho moja la maombi bila malipo kwa mwaka. Kinachomaliza fedha ni satelaiti yenyewe, hivyo nchi moja moja ni vigumu kuimudu. Afrika imeshajaribu kushirikiana kupitia RASCOM, shirika la satelaiti la nchi za Afrika: satelaiti yake ya Desemba 2007 ilivuja heliamu na maisha yake yakafupika sana, ikabadilishwa mwaka 2010.

Upande mmoja hauna ulinzi huu hata kidogo. Kwa makundi makubwa ya satelaiti za mizunguko ya chini, iliyo karibu na ardhi, hakuna Mpango wala mgao wa taifa. Ni kutangulia tu, na Rwanda ililielewa hilo mwaka 2021 ilipowasilisha maombi ya satelaiti zaidi ya 300,000. Breki iliyopo ni ratiba iliyowekwa mwaka 2019: baada ya ile miaka 7, asilimia 10 ya kundi iwe angani ndani ya miaka 2, asilimia 50 ndani ya 5 na zote ndani ya 7, la sivyo idadi iliyosajiliwa hupunguzwa. Hoja ya mgao wa mapema kwa mizunguko hiyo ingepaswa kubebwa na Afrika Mashariki kwa pamoja kwenye mikutano ya maandalizi ya bara, ambako msimamo wa Afrika hujengwa kabla ya kura za dunia.