Barua kwa mwanangu: nani atataja bei?

Mwanangu,

Barua yako nimeipata juzi, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza hivi: wanafunzi wako 12 wa ufinyanzi, ushonaji na uchapaji wa picha wanakwenda wiki 3 kwenye chuo rafiki ng'ambo, wafanye kazi na wenzao kisha wauze kwenye maonyesho ya pamoja. Uwape wiki ngapi za somo la biashara kabla hawajapanda ndege? Sita zinatosha?

Sita zinatosha. Nne zinatosha pia. Ila mimi ningeanza na swali jingine: wakishafika pale mezani, nani atataja bei?

Najua unacheka. Mama na bei zake! Cheka tu, lakini mwenye kazi ataje bei mwenyewe. Nimelisema hilo tangu ulipokuwa unanipotezea patasi chini ya meza ya kuchongea, na siachi leo.

Unaikumbuka ile safari niliyorudi miguu imevimba, mkaniuliza ilikuwaje, nikawaambia nimechoka? Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na aibu.

Tulikwenda na wanafunzi 8. Chuo wenyeji wakatupa meza mbili ukumbini, zetu na zao zimebanana bega kwa bega. Yule binti wa mwaka wa pili, unamjua, ndiye aliyekesha nami hospitalini baba yako alipolazwa, alikuwa amechonga, kwenye ubao wa kuchapia picha, mikono ya mwanamke inayokamua nguo. Wino mweusi mtupu. Maji yanavyochuruzika ameyachonga kwa mistari myembamba kama unywele, nami kila nikiiangalia nilikuwa nahisi vidole vyangu vimelowa.

Akaja mzee mmoja na lenzi yake mkononi. Akaiinua ile picha kwenye mwanga, akaizungusha, akamwuliza mkalimani: atachapa nakala ngapi? Binti akatabasamu kwa ukarimu wote. "Mwambie zozote anazotaka, ubao ninao."

Mzee akairudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Meza ya pembeni pale pale, kila picha ya wenyeji ilikuwa na namba ya penseli chini kushoto: 3/15, 4/15. Yaani hii ni ya tatu, na zote ni 15, haitakuja ya 16. Mnunuzi wa picha za kuchapa hanunui karatasi na wino tu, ananunua na uchache wake. Mimi hizo namba nilikuwa nimezifundisha miaka na miaka, lakini nilizifundisha kama adabu, kama vile kuandika tarehe juu ya barua. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba ile namba ni ahadi, na kwamba ahadi ile ndiyo inayobeba bei.

Hilo ningejisamehe. Nililofanya baadaye ndilo linalonichoma. Nilimkimbilia yule mzee. Mimi, mwalimu mzima, nikamshika mkalimani mkono: mwambie tunampa kwa nusu. Mzee akalipa, akanishukuru. Akanishukuru mimi, sikiliza vizuri. Binti alikuwa anazipanga upya zilizobaki, hakuniangalia. Akasema, "Mwalimu, mimi sijauza kitu."

Usiku ule bwenini akazihesabu picha zake. Pamoja na ile iliyokwenda zilikuwa 14. Akachukua penseli akaandika kuanzia 2/14, moja moja, bila haraka. Kisha akaulaza ule ubao sakafuni, akauweka goti, akaukata kwa patasi kutoka kona hadi kona. Ubao ulilia. Wachapaji hufanya hivyo ili nakala nyingine isitoke, ni desturi ya kazi, hakuna ajabu. Lakini mimi nililala nimegeukia ukutani.

Asubuhi akapandisha bei juu ya ile ya kwanza. Siku zote zilizobaki akauza mbili.

Mbili tu! Namsikia marehemu baba yako na daftari lake: biashara gani hiyo, nusu bei mara kumi na nne si ingekuwa fedha zaidi? Ingekuwa. Sina jibu la hesabu hapo, na wala hakuwa mjinga yule mtu. Daftari lake ndilo lililokusomesha. Labda uwape kweli wiki sita za daftari. Gharama ya karatasi, saa za kuchonga, mizigo, ushuru. Mtu asiyejua kazi imemgharimu nini atatajaje bei? Haya, hapo amenishinda. Ila gharama inakuonyesha sakafu tu, dari haikuonyeshi.

Ule mwongozo wa stadi za ujasiriamali ulionitumia, EntreComp wa Umoja wa Ulaya wa 2016, nimeupitia wote, stadi 15. Nimependa wanaposema ujasiriamali ni kugeuza wazo liwe na thamani kwa watu wengine, na kwamba thamani hiyo yaweza kuwa ya fedha, ya utamaduni au ya jamii. Elimu ya fedha imo, kustahimili mashaka na hatari imo, kujifunza kwa kutenda imo. Kilichonikosesha usingizi bwenini sikukiona kwa jina lake, au labda kimegawanywa vipande kila mahali. Wafundishe na Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa hakimiliki, nusu saa inatosha: katika nchi wanachama kazi yako inalindwa bila kuisajili popote. Wakijua hilo wataacha kuzificha picha zao chini ya meza kwa kuogopa kuigwa, kama walivyofanya wangu.

Kwa nini basi ng'ambo, na si hapo hapo chuoni? Kwa sababu hapo chuoni mnunuzi ni jirani, anamjua mama yake, ananunua kwa huruma au anapunguziwa kwa haya. Kule hakuna anayemjua. Kazi inasimama peke yake, na pembeni yake kuna rika lake mwenye patasi zile zile. Ndiyo maana hata wakubwa walisafiri. Albrecht Dürer, yule mchoraji na mchapaji mkubwa wa Ujerumani, alipokwenda Nchi za Chini, yaani Ubelgiji na Uholanzi za leo, mwaka 1520, na mkewe Agnes, ambaye alishawahi kumwuzia picha zake kwenye gulio la Frankfurt, aliandika shajara iliyojaa hesabu: ameuza hizi, amegawa zile, amelipa chakula. Karibu na mwisho anakiri kwamba katika shughuli zake zote kule amepata hasara. Dürer! Baba yako nilipomsomea alifurahi siku nzima.

Sasa unataka niseme kama ukubali kuiongoza hiyo safari. Sisemi. Wewe ni mtu mzima na chuo ni chako. Ningesema tu kwamba mkalimani asiwe mwalimu, na kwamba siku ya mauzo wewe ukae nje ya ukumbi, mbali, usione... basi, nimenyamaza. Ila mwenye kazi ataje bei mwenyewe.

Ule ubao uliotaka kuutupa tulipohama, wenye mkato kutoka kona hadi kona, ndio huo. Alinipa siku niliyostaafu. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi wako, njoo uuchukue mwenyewe, usimtume mtu, na uurudishe.

Mama yako