Usisubiri siku ya kusikilizwa, jibu kwa maandishi

Ndugu, unasema umepokea samansi (wito wa mahakama) na hati ya madai, nusu ya deni ulishalipa, na unangoja kumweleza hakimu ana kwa ana. Tafadhali usifanye hivyo. Samansi imetaja siku za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikipita kimya, mdai anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja, yaani itolewe bila wewe kusikilizwa. Kuitengua kunawezekana, lakini utatakiwa kueleza kwa nini ulichelewa na kuonyesha una utetezi wa maana.

Kaa na hati hiyo, ujibu aya kwa aya. Kuandika tu "nakana madai yote" ni hatari, kwani jambo usilolikana waziwazi huweza kuhesabiwa kuwa umelikubali. Aya ya 4 ikisema hujalipa chochote, andika: "Aya ya 4 inakanwa. Mdaiwa alilipa nusu ya deni," kisha taja tarehe, kiasi na njia ya malipo, na uambatishe risiti. Malipo yasiyotajwa kwenye utetezi, mahakama inaweza kukataa kuyapokea baadaye.

Nusu unayodaiwa kweli, ikiri. Mahakama inaweza kukutolea hukumu kwa kiasi hicho mapema, na shauri likabaki kwenye nusu mnayobishania.