Nairobi imenishinda lakini magari nayapenda, nirudi au nisirudi?

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mtoto wa Langoni, Lamu, lakini huu mwaka wa nne niko hapa Malindi nafanya kazi gereji moja upande wa Maweni. Haya mapenzi ya magari sijui nimeyatoa wapi, manake kwetu mtu anakua anajua punda na jahazi tu, vichochoro vyenyewe wakikutana punda wawili wenye mizigo mmoja lazima arudi nyuma. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namsumbua baba anivushe na boti mpaka Mokowe, wala hatuna shughuli, ni nikatazame malori yakishusha mizigo pale gatini, narudi nyumbani nanuka dizeli na nimefurahi kama mtu aliyetoka arusini.

Sasa mwezi uliopita ami yangu alikuwa na shughuli Nairobi tukaenda na pikapu yake ya Peugeot 504, dereva mimi. Hiyo safari nilikuwa nimeiota miaka. Tulipopita Emali gari likaanza kuwa zito, kufika mjini linatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi na ukikanyaga mafuta linakohoa kwanza ndo liende, watu wanatupigia honi na kututukana. Foleni masaa mawili, vumbi, majitaka, hujui mji unaanzia wapi wala unaishia wapi. Tukiwa kwenye foleni hiyo hiyo kijana akapita akang'oa kioo cha pembeni upande wa ami, mchana kweupe, akaenda zake anatembea, hata hakukimbia. Ami akasema huu si mji wa watu. Tukalala siku moja tukarudi.

Ami anatakiwa aende tena na anataka nimpeleke mimi. Najua wewe hiyo njia umeenda sana. Kweli kule kuna kitu cha mtu kama mimi, au nimwambie apande basi? Na ule moshi ulikuwa nini, manake hapa Malindi hilo gari halitoi moshi kabisa.

Mpenda Injini, Malindi


JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale pa Mokowe nimepasoma kwa sauti nyumbani wakasikia. Hiyo ruti nimeipiga miaka tisa, tanboi kwanza halafu dereva, lori la maembe kutoka huku mpaka soko la Marikiti, Nairobi, na mwaka wangu wa kwanza Nairobi niliichukia vile vile unavyoichukia wewe. Nilikuwa nashusha mzigo nalala ndani ya lori vioo vimefungwa nangoja kuche nirudi pwani. Kwa hivyo sikulaumu.

Tuanze na moshi kwa sababu huo ndo unaonyesha mlivyoenda vibaya. Malindi tuko usawa wa bahari, Nairobi iko juu kama mita 1,700, na huko juu hewa ni nyepesi. 504 ya ami ina kabureta, na kabureta haina akili ya kujua imefika wapi, petroli inapita kwenye kitundu cha jeti kwa kipimo kile kile cha Malindi wakati hewa inayoingia imepungua. Petroli ikizidi hewa haiungui yote, ndo huo moshi mweusi, na plagi ukizifungua utazikuta nyeusi kama zimepakwa masizi. Nguvu nayo inapungua, kwa urefu ule hesabu kama sehemu moja kati ya sita imepotea hata gari likiwa zima kabisa. Gari za injekshoni hazipati tabu hiyo kwa sababu kompyuta inapima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Kwa hivyo gari la ami si bovu, lilikuwa limevaa nguo za Malindi kwenye baridi ya Nairobi.

Lakini ile kukohoa ukikanyaga mafuta ni kitu kingine. Hapo naishuku ile pampu ndogo ya kabureta inayotema petroli ukikanyaga, kiwambo chake cha mpira kikichanika gari linashtuka kwanza ndo liitike. Huku usawa wa bahari linavumilia, kule likaumbuka. Fungua utazame.

Na hicho kiwambo mwanangu, kikiwa kimechanika kweli, ndo tiketi yako ya Nairobi.

Nakwambia kwa nini. Mimi mji ule niliupenda siku moja tu, na siku yenyewe nilikuwa na bosi ya klachi mkononi, imevunjika, tajiri ananisubiri Malindi na mimi simjui mtu. Kabla ya hapo nilikuwa nautazama mji kama unavyotazama bahari kutoka ufukweni, na Nairobi ukiitazama hivyo haina cha kukuonyesha, si Lamu ile ambayo mlango tu wa nyumba unakusimamisha robo saa. Ulianzishwa 1899 kama kambi ya reli, mahali pa kuweka vyuma na makaa kabla treni haijapanda milima, na mpaka leo mimi naona ni kambi ya vyuma iliyokua bila kusimama. Lakini ingia na chuma kilichovunjika mkononi. Kila mtu anakuwa mwenyeji wako. Huyu anakwambia hii si ya mwaka huo, yule anakwambia nenda ghorofa ya pili kuna mzee, mzee anakipokea anakigeuza anafuta mafuta kwa kidole gumba anakwambia hii nilikuwa nayo mwaka jana, hebu muulize fulani. Nilizunguka kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa nikala chapati nimesimama, na nilipoipata hiyo bosi nilikuwa najua watu kumi na wawili.

Mahali penyewe ni Barabara ya Kirinyaga, ila ukiuliza sema Grogan, hilo jina la zamani ndo bado liko midomoni. Maduka ya spea yamebanana ukutani huku na huku, na ukiteremka upande wa mto mafundi wako nje, gari limeinuliwa kwa mawe na mtu yuko chini yake kwenye kipande cha katoni. Utakutana na mabroka mlangoni kabisa, kijana anakuja mbio bosi unatafuta nini nikuletee. Usikitoe kile kitu mkononi mwako, manake akienda nacho atarudi na bei yake juu ya bei ya duka. Mwambie asante ndugu yangu natembea mwenyewe, ingia ndani. Na nenda asubuhi mapema, jioni ikishaanza kuingia pale hapakufai na mfukoni una pesa.

Ukitoka hapo shuka mpaka Kamukunji kwa miguu, sio mbali. Utaisikia kabla hujaiona. Ni nyundo, mamia, kila mmoja na mdundo wake, wanakata madrumu wanayanyoosha yanakuwa bati, bati linakuwa masanduku ya shule, majiko, wilibaro. Sio magari, najua, lakini wewe ni fundi, simama uangalie mtu anavyokunja kona ya bati bila rula wala mashine halafu kona inatoka sawa. Hao ndo wenye jina la jua kali, waliitwa hivyo kwa sababu walifanya kazi juani bila paa. Nilipowaona wale ndo nikaelewa kwa nini gari lililopondeka Nairobi linarudi barabarani na huku kwetu linaoza nyuma ya nyumba.

Halafu matatu. Jamani matatu. Kule wanaziita nganya zile zilizopambwa, na najua umeziona kwenye simu, lakini simu haikwambii zimetengenezwaje. Isuzu inakuja kama lori, kichwa na chesisi tu, nyingine zimeunganishwa hapo hapo Nairobi kwenye kiwanda cha Barabara ya Mombasa, lazima mlikipita mkiingia. Basi hiyo chesisi inapelekwa kwa wajenga bodi, Kariobangi wako wengi, wanachomelea mifupa ya vyuma, wanavika bati, wanaweka viti, halafu ndo anakuja mchoraji na watu wa taa na spika. Tafuta mtu akupeleke uione nganya ikiwa mifupa. Omba ruhusa kwanza, kaa kimya, shika tochi ukiambiwa shika. Mimi niliona mchoraji akipaka uso wa mtu ubavuni mwa gari, picha ya mfano ndogo kama kadi ya simu ameibana kwenye meno, na uso ule ukatoka mrefu kunizidi na macho yanakutazama kila ukisogea. Kuna wakati serikali ilizibana hizi, zile sheria za waziri wa uchukuzi Michuki zilizoanza 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano, michoro ikafifia, ikaja kurudi baadaye. Mikanda naikubali kabisa, nimeona ajali. Lakini kufuta rangi kulikuwa ni kuwanyang'anya vijana kazi ya mikono yao na nilifurahi iliporudi. Saa kumi na mbili jioni simama upande wa Railways zinakopakia za Rongai utazame tu zikiwasha taa. Usipande kama huna haraka ya kufika, ule mwendo siusifu.

Sasa ami. Huyu usimkokote Grogan mtu mzima. Mpeleke makumbusho ya reli, yako nyuma ya stesheni ya zamani, yalifunguliwa 1971. Kuna garimoshi pale linaitwa Mount Gelai, ni la zile za mvuke aina ya Garratt zilizotengenezwa Manchester, zaidi ya tani 250, na lilikuwa likipita kwenye reli ya upana wa mita moja tu. Ami kama ana umri ninaoudhania huenda aliwahi kuzisikia zikilia Mombasa. Na lipo behewa ambalo mwaka 1900 simba aliingia pale Kima akamvuta nje afisa wa polisi usiku. Mkalishe kwenye kivuli, mwachie gazeti, nenda zako ukatafute kiwambo.

Njiani mwambie habari za 504 yake pia, usimwachie aione kama mkweche. Hilo jina lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na miaka mingi pikapu zake zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa Mombasa, kwa hivyo hilo gari ni mwenyeji kuliko nusu ya magari yaliyokupigieni honi. Na ukikutana na fundi mzee Grogan mtajie Joginder Singh, dereva wa Safari Rally, uone uso wake utakavyobadilika. Alishinda ile ya 1965 akiwa na Volvo iliyokwisha kutumika, mtumba kwa lugha yetu, akashinda tena 1974 na 1976. Mafundi wale wanamuona ni wao, manake alikuwa mtu wa gereji.

Kama shughuli ya ami inaweza kungoja mpaka Septemba mwishoni kuna Concours pale uwanja wa farasi wa Ngong, inafanyika tangu 1970, magari na pikipiki za zamani zinapangwa kwenye nyasi na majaji wanalala chini kutazama uvungu kama ni safi. Mimi nimeenda mara moja tu. Ni kuzuri, ila kule gari linatazamwa, Grogan linaokolewa, na moyo wangu uko Grogan.

Kioo cha pembeni pole sana. Wenyeji wanachonga namba ya gari kwenye vioo na taa ili mwizi asipate wa kumuuzia, chonga kabla hamjatoka Malindi, ni kazi ya dakika chache. Kwenye foleni vioo vya mlango juu, simu isikae kwenye dashibodi. Na usipande ile barabara ya juu mkiingia, ile ya 2022 inayoanzia Mlolongo kilomita 27 mpaka Westlands, utaona paa za mabati tu. Pita chini, polepole, foleni yenyewe ni maonyesho ukishajua unatazama nini, kila kizazi cha gari kiko pale kinavuta pumzi. Mkitoka ndo mpande juu kama ami amechoka.

Kazi ya kufanya kabla ya safari ni hii. Fungua kabureta uitoe jeti kubwa, itakuwa na namba, kama imeandikwa 135 ina maana kitundu ni milimita moja na nukta 35. Iandike mahali. Mkifika mwambie fundi wa Grogan akupe ndogo kidogo ya hapo, hatua chache tu, na ile ya Malindi uitie kwenye kikebe uifunge vizuri, kwa sababu mkirudi pwani na jeti ya Nairobi mafuta yatakuwa machache kuliko hewa, injini itachemka na vali zitaungua. Ibadilisheni Voi mkipumzika, kazi yenyewe nusu saa.

Kiwambo usinunue peke yake, nunua seti nzima ya kabureta na gaskiti zake. Na ukiipata nunua mbili mwanangu, pesa yako nitakurudishia ukifika, 504 yangu iko hapa uani chini ya mwembe na bado inawaka.