Dogo, ukipata 2.197 usishangilie kwanza

Juzi usiku kaniandikia dogo mmoja wa Bagamoyo, yuko chuo mwaka wa tatu. "Shikamoo kaka, projekti yangu ya muoni imeisha, nimepata maikrosekunde 2.197 kama ilivyo kitabuni, nielekeze jinsi ya kuiprezenti." Nikataka nimjibu marahaba, hongera, nilale zangu. Tumbo likakata. Hiyo namba naijua vizuri, ilishaniumbua mbele za watu.

Sisi wote humu tunaota kukanyaga ile maabara ya fizikia ya CERN kule Ulaya siku moja, tusidanganyane, kwa hiyo misingi napita haraka. Muoni ni chembe kama elektroni ila nzito mara 207 hivi, zipo za chaji hasi na za chaji chanya, zinatumwagikia kutoka juu saa zote, kiganja chako hapo kinapitiwa na moja au mbili kila sekunde. Inaishi wastani wa maikrosekunde 2.2, yaani sekunde igawe mara milioni uchukue vipande viwili na ushee, halafu inaoza, inabaki elektroni (chanya inaacha pozitroni, ni elektroni yenye chaji chanya) na nyutrino mbili, vichembe visivyoonekana kirahisi. Watu wa Tanga tunataniwa waja leo waondoka leo, sasa huyu muoni ndo mja mwenyewe, hata hodi hamalizi. Mama nilipomweleza akaniuliza, kimeoza mbona hakinuki?

Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani Ngamiani, kazi hamna, nimekaa tu. Mwalimu wangu mmoja akanionea huruma akanipa kipande cha plastiki ya sintileta, kikubwa kama dumu la lita tano, na fotomaltiplaya iliyochoka, kile kifaa kinachogeuza mwanga kuwa mpigo wa umeme. Kazi yake ni hivi: muoni ikisimama ndani ya ile plastiki inatoa kimwanga, ikioza ile elektroni inatoa kimwanga cha pili, wewe unapima muda uliopita kati ya hivyo viwili, unakusanya maelfu, unachora grafu. Mwanga wa nje ukiingia hata kidogo umeharibu, basi nikazungushia foili, juu yake tepu nyeusi ya mafundi umeme, juu yake tena baibui la zamani la mama. Wajomba wakawa wanakuja kuangalia kama kuna maiti.

Miezi mitatu ya kuhesabu naruka, haina stori, ni joto na umeme kukatika tu.

Jibu la kwanza likaja 1.9. Nikachukia. Nikasoma nikakuta fotomaltiplaya ina tabia ya kutoa mwangwi, mpigo wa uongo unaokuja muda mfupi baada ya ule wa kweli, kwa hiyo nikatupa vipimo vya muda mfupi mfupi, na hapo nilikuwa sahihi kabisa. Ikaja 2.05. Nikausogeza mbele kidogo ule mpaka wa kutupa, 2.11. Nikasema siku ambazo umeme ulikatika siziamini, nikazitoa, 2.16. Halafu kuna Jumamosi na Jumapili moja nilizitoa kwa sababu, aah, zilikuwa zimekaa vibaya tu. 2.20! Nikaruka juu, nikafunga kompyuta, nikaenda Raskazone kuogelea.

Umeona nilichofanya? Kila jibu lisiponipendeza nilitafuta kosa, na makosa kweli yalikuwepo, ila siku lilipopendeza sikutafuta tena.

Nikaenda kuiprezenti sehemu, sitaitaja, nimevaa shati la mkopo. Watu wakapiga makofi. Akanyanyuka mama mmoja mtafiti, mpole, sauti ya chini: "Mwanangu, hiyo plastiki yako imetengenezwa kwa nini?" Nikasema kaboni na haidrojeni. "Na muoni hasi ikisimama kwenye kaboni inakuwaje?"

Kimya. Nasikia feni tu.

Jibu lake ni kwamba muoni hasi inavutwa na kiini cha kaboni, nyingine zinamezwa kabla hazijaoza zenyewe, kwa hiyo kwenye kaboni zinaishi kama 2.03. Ile 2.197 ni ya muoni huru, na chanya zinaishi hivyo hata ndani ya plastiki. Zinazotudondokea ni mchanganyiko, chanya zimezidi kidogo, kwa hiyo plastiki ya kwangu ilitakiwa inipe 2.12 hivi. Yaani jibu la kweli nililipita njiani kama abiria aliyepitilizwa kituo, 2.11 niliiona kwa macho yangu nikaiona mbaya. Mpaka leo nikikumbuka yale makofi nasikia aibu, na yule mama hata hakunicheka, bora angecheka.

Sasa nisikilizeni. Ficha jibu. Wakubwa wenyewe wanajificha, wewe nani? Wale wa jaribio la MuLan kwenye maabara ya PSI kule Uswisi, waliotangaza 2.1969803 mwaka 2011, walikusanya muoni chanya zaidi ya trilioni moja, na wachambuzi wao hawakuambiwa saa yao inakwenda kwa kasi gani hasa mpaka uchambuzi umekwisha. Jaribio la Muon g-2 kwenye maabara ya Fermilab kule Marekani vilevile, walikuwa wanahesabu pozitroni za muoni zinazooza, namba ya siri wakaishika watu wawili wasio wa kikundi, ikafunguliwa Februari 2021. Kwa hiyo amua utatupa nini kabla hujaona jibu, andika daftarini kwa kalamu, siyo penseli, andika na ulichotupa na sababu. Na ficha jibu. Nimeshasema? Nasema tena, mnasoma halafu mnaenda kufanya yaleyale.

Mimi mwenyewe nimeanza upya. Programu yangu inaongeza namba ya siri kwenye jibu, aliiingiza mdogo wangu wa kike, akaiandika kwenye karatasi, bahasha iko kwa mama kwenye sanduku la vitenge, na sanduku la mama hafungui mtu. Kila Ijumaa ananiuliza, bado tu hakijaoza?

Dogo nikamtumia haya yote, marefu kuliko hapa, nikamuuliza na yeye alitupa siku ngapi. Tiki mbili za bluu, kimya siku nzima. Leo asubuhi ndo kajibu: "Nne kaka. Ila dedilaini ni Jumatatu." Sijamjibu bado.