Wawili wawili mtaani: kwa anayeanza kushuhudia Dodoma

Ukianza kushuhudia, yaani kwenda nyumba kwa nyumba na habari za Yesu, utapangwa na mtu ambaye hukumchagua. Pengine wewe ni Mwanglikana uliyelelewa Mvumi na yeye ni Mpentekoste wa Chang'ombe. Pengine wewe ni mwanafunzi wa UDOM na yeye ni mama muuza mboga wa Majengo, aliyeokoka kabla hujazaliwa. Mkipiga hodi, mwenye nyumba anaanza kuwasoma ninyi kabla hamjafungua Biblia: anaona kama kijana anamtanguliza mama, kama mmoja anamkata mwenzake kauli. Yesu aliwatuma Thenashara wawili wawili (Marko 6:7), na wale sabini vivyo hivyo (Luka 10:1). Anayedhani wa pili ni wa kusindikiza tu bado hajaijua kazi.

Kutaneni robo saa kabla ya kuondoka, mahali pa kukaa, si njiani. Ombeni kwa ufupi, kisha mkubaliane mambo matatu: leo msemaji ni nani, mnakwenda nyumba zipi, na mambo gani hamtayagusa. Nyumba tatu kwa jioni moja zinatosha, kila moja dakika 20 hadi 30. Wanaoanza hupenda kuhesabu nyumba, wakamaliza kumi bila kukumbuka jina la mtu hata mmoja.

Msemaji ni mmoja tu. Hili ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa wenye karama ya kufundisha. Wawili wakiongea kwa zamu, huyu akimalizia sentensi ya yule, mwenye nyumba anajiona kama yuko mbele ya baraza anashtakiwa. Atakubali kila kitu ili muondoke. Atasema "sawa", hata sala ya toba ataifuatisha, na wiki ijayo mkirudi mtaambiwa na mtoto kwamba mama hayupo.

Wa pili ana kazi zake, na si chache. Anaomba kimyakimya, macho yakiwa wazi. Anamchukua mtoto anayevuta kurasa. Anaona sufuria inafurika na kumwambia mama aiangalie, maana mama mwenyewe ataona haya kuinuka. Anaona pia uso wa mwenyeji unavyobadilika linapotajwa neno "mume" au "ndoa", jambo ambalo msemaji, akiwa anatafuta mstari, hataliona. Simu zote mbili zimezimwa, na Biblia inayofunguliwa ni moja. Wekeni ishara: wa pili akifunga daftari lake, msemaji ana dakika tano za kumaliza.

Msemaji akikosea mstari, au akimtaja Yeremia mahali pa Isaya, mwache. Mtazungumza njiani. Priskila na Akila walipomsikia Apolo akifundisha bila kujua yote, hawakumsahihisha mbele ya watu; walimchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Ila kuna kosa moja la kukatiza hapo hapo: mwenzako akimwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa. Awe anatumia za shinikizo, za kifua kikuu au ARV, sema kwa upole lakini waziwazi: "Dawa uendelee nazo kama walivyokuelekeza kliniki, nasi tutaendelea kuomba." Mtu akiacha dawa kwa neno lenu, madhara yanampata yeye, na mtaa mzima utajua nani walipita pale.

Saa ya kwenda inategemea majira. Mvua zikianza, kwa kawaida kuanzia Desemba, vijijini watu wako shambani tangu alfajiri, na ukifika saa 4 asubuhi utakuta mabibi na watoto wadogo. Nenda kuanzia saa 10 jioni, uondoke kabla giza halijaingia. Kwenye vijiji vya zabibu, kama Hombolo na Mpunguzi, ulizia kwanza kama wanavuna. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu iliyoiva haisubiri mgeni. Mjini, vijiwe vya bodaboda hutulia katikati ya asubuhi, abiria wa kazini na shuleni wakishapita. Watumishi wa serikali wanaofanya kazi Mtumba hurudi jioni wamechoka, basi waachie Jumamosi. Wanafunzi usiwafuate wiki za mitihani.

Mwezi wa kumi na moja utakuta nyumba nyingi wanamenya karanga za mbegu. Usisimame pembeni ukisubiri wamalize ili uanze mahubiri. Omba kigoda, vuta ungo karibu, menya nao. Bonyeza ganda kwenye ncha lifunguke lenyewe. Ukiliponda utachubua ile ngozi nyekundu, na mbegu iliyochubuka huoza ardhini kabla ya kuota. Na usizile hata moja, hata ukikaribishwa kwa adabu, maana hicho ni kipimo cha shamba. Mikono ikiwa kazini watu husema yale ambayo hawayasemi wakitazamana na mgeni ana kwa ana. Yesu naye pale kisimani Samaria alianza kwa kuomba maji (Yohana 4:7).

Kama mwenyeji ni mzee wa Kigogo, anayekijua Kigogo ndiye awe msemaji, hata kama mwenzake ndiye mwenye cheti cha chuo cha Biblia. "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, iliyotamkwa vizuri inafungua mlango. Biblia ya Kigogo ipo, itafuteni mapema. Mkilazimika kutafsiriana, semeni sentensi fupi, moja moja, na msemaji amtazame mzee, si mkalimani. Shikamoo haiachwi. "Bwana asifiwe" itunzeni kwa wapendwa. Kwa jirani Mwislamu hodi na habari za hapa zinatosha, na akisema hataki mazungumzo ya dini, msalimieni, ulizeni hali ya watoto, muage. Mtume Petro anataka tujibu kwa upole na kwa hofu (1 Petro 3:15). Kubishana juu ya Kurani na mtu anayeijua kuliko ninyi hakujamleta mtu kwa Kristo, na kunaharibu ujirani.

Sasa yale ya kutogusa. Wakristo wa madhehebu tofauti mkitoka pamoja, mtakutana na maswali manne karibu kila wiki: ubatizo wa maji mengi au machache, Jumamosi au Jumapili, kunena kwa lugha, na pombe. Hili la mwisho lina uzito wake kwetu, kwa sababu kuna familia zinazosomesha watoto kwa zabibu za kutengeneza divai. Mmoja wenu anaweza kuona ni dhambi, mwingine kanisani kwake wanakunywa kwa kiasi. Mkiligombania barazani kwa mtu, mmemfundisha kwamba Wakristo hawaelewani, na hilo atalikumbuka kuliko Yohana 3:16. Jibu mlilokubaliana liwe moja na la kweli: "Hapo makanisa yetu yanafundisha tofauti. Tulichokuja nacho leo ni habari za Yesu." Usijifanye tofauti haipo, watu wanaijua. Na usiondoke umemnong'oneza mwenyeji mlangoni kwamba mwenzako "bado hajapata nuru". Hilo likifika masikioni mwa mwenzako, na litafika, hamtatoka tena pamoja.

Mengine kwa haraka. Mwanamke akiwa peke yake ndani, kaeni kibarazani, na katika wawili afadhali mmoja awe mwanamke. Mtoto haombewi wala hapewi kitabu bila mzazi kujua. Msipokee sadaka nyumbani kwa mtu. Ugali na mlenda mpokee, mnawe, mle, hata kama mmeshiba. Msiahidi ajira, ada wala unga. Uhitaji mkubwa upelekeni kwa viongozi wa kanisa, wao wataamua. Mkitaka kupiga vyombo uwanjani, hiyo si tena kazi ya watu wawili: barua iende kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi mapema, kwa jina la kanisa.

Kazi nyingi huharibika baada ya mtu kuamini. Anatajwa Jumapili, watu wanapiga makofi, kisha kila kanisa linadhani lingine linamfuatilia. Au linatokea baya zaidi, makanisa mawili yanamvuta huku na huku mpaka anaacha yote. Kabla ya kutoka, wachungaji wenu wawe wamekubaliana utaratibu. Tunaopendekeza ni huu. Kama alikuwa na kanisa alilobatizwa na angependa kurudi, mrudisheni huko, hata kama si lenu. Kama hana, aende lile analoweza kulifikia kwa miguu akiwa na watoto siku ya mvua. Mtu wa Nkuhungu hawezi kulelewa na kanisa la Ihumwa, upande wa pili wa mji. Arudiwe ndani ya siku mbili, na watu wale wale, kisha mara moja kwa wiki kwa wiki sita, mkisoma naye Injili ya Marko kidogo kidogo. Asiyejua kusoma asomewe, na mstari mmoja aukariri. Paulo alipanda, Apolo akatia maji. Hakuna kati yao aliyeandika jina lake kwenye mmea.

Daftari liwe moja: jina, mahali kwa alama ("nyuma ya mashine ya kusaga"), tarehe, jambo la kuombea, siku ya kurudi. Siri za ndoa na magonjwa haziandikwi, wala hazitajwi kwenye maombi ya pamoja, hata kwa "dada mmoja wa mtaa ule". Mtaani kwetu dada huyo anajulikana kabla ya amina.

Na mkikwaruzana, msitoke tena kabla hamjakaa mkaongea. Anza na lako: "Nilikukatiza kwa mama yule, nisamehe." Ikishindikana, mwambieni kiongozi awabadilishe. Paulo na Barnaba walitengana kwa ajili ya Marko (Matendo 15:39), kazi ikaendelea kwa njia mbili, na miaka baadaye Paulo mwenyewe akaomba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa (2 Timotheo 4:11). Ukibadilishwa, usiache nyumba zako hewani. Mpitishe mwenzako mpya kwenye kila nyumba iliyo daftarini, mtambulishe kwa jina, kaa naye mara ya kwanza ukiwa wewe ndiye wa pili, ndipo umkabidhi daftari.