Mwalimu wa Bukavu, usiagize hizo jezi!

Kama fundi cherehani hajakata kitambaa, mpigie sasa hivi. Kama ameshakata, akushonee mapazia.

Umeandika kwamba shuleni kwenu mnataka kuanzisha zile dakika 15 za kukimbia kila siku, zilizoanzia shule moja ya Uskoti (wao wanaziita Daily Mile), ukauliza rangi ya jezi, bei ya raba, saa inayofaa, mvua ikinyesha mfanyeje, na inspekta mumwambie nini. Mimi macho yangu yaliishia kwenye jezi.

Hapa Goma tulianza hivyo hivyo. Nilikuwa kwenye komite ya wazazi, na ni mimi niliyesimama mkutanoni kuwaambia wenzangu walipe. Kuna bwana alikuja na kibegi cha kompyuta, anajiita mtaalamu wa michezo ya watoto. Akatusimulia habari za Uskoti, nzuri kabisa, akamalizia: "Mazoezi bila tenue ni fujo." Tukampigia makofi. Tenue, yaani sare ya mazoezi, ikawa jezi nyeupe. Nyeupe, Goma! Mji uliokaa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, ukifika sokoni miguu yako ni ya muuza makaa. Baadaye tukajua kwamba cherehani ilikuwa ya shemeji yake. Mtaalamu kweli, lakini wa kushonesha.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe, na picha tulipiga. Lakini kila siku ni kila siku, na jezi ni moja. Jioni mtoto anairudisha nyeusi, kesho asubuhi inatakiwa. Ziwa tunaliona hapo chini, lakini maji tunanunua kwa bidoni. Mama mmoja akaniuliza mbele ya watu: "Papa, haya maji nipikie, niogeshe watoto, ao nifue jezi yako?" Yako! Nilijifanya napokea simu.

Watoto wakaanza kuja bila jezi, na walimu walikuwa wameagizwa kwamba asiyeivaa asikimbie. Wakawa wanakaa ukutani kuwatazama wenzao. Na waliokaa ni nani? Wale ambao wazazi wao hawakuweza kulipa. Wajanja nao wakaona mlango wa kutokea: mwanangu mwenyewe "aliisahau" yake mpaka nikaikuta chini ya godoro.

Halafu muda. Darasa lina watoto hamsini na kitu, chumba kimoja: wasichana wabadilishe kwanza, wavulana wangoje nje, huyu shati lake halionekani, yule kavaa soksi ya mwenzake. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate dakika 60 za kuchangamsha mwili kwa siku. Hizi 15 ni robo tu, na sisi tuliila kwa vifungo. Somo la hesabu likaliwa pia. Walimu wakachoka. Ikawa mara tatu kwa wiki, ikawa Ijumaa tu, ikafa. Pesa haikurudi. Sokoni bado kuna wanaoniita Papa Jezi.

Kilichoniuma zaidi nilikisoma mwenyewe, nimechelewa. Pale shule ya msingi ya St Ninians, mjini Stirling, huko Uskoti, mwalimu mkuu Elaine Wyllie alipoanzisha jambo hili mwaka 2012, watoto walitoka darasani na nguo walizovaa. Hakuna kubadilisha, hakuna mshindi. Mwenye pumzi akimbie, aliyechoka atembee, kisha wote warudi kwenye madaftari. Ndiyo maana dakika 15 zinatosha. Utafiti uliotoka 2018 ulilinganisha watoto wa shule iliyofanya hivyo na wa shule isiyofanya, ukakuta wale wa kwanza wameongeza pumzi na kupunguza mafuta mwilini. Bwana wetu aliyajua yote hayo. Aliruka kipande kimoja tu, kile kisicho na pesa ndani yake.

Kwa hiyo: WATOKE WALIVYO. Utasema shati la shule nalo ni jeupe. Ni jeupe, lakini hilo linafuliwa hata hivyo, na linachafuka kila rekreasyo bila mzazi kuandika barua.

Raba? Usinunue raba, tengeneza njia. Waite wazazi Jumamosi na makoleo, mzungushe njia moja kiwanjani, mtoe mawe makali, mmwage changarawe laini. Hicho ndicho tulichopaswa kuwaomba wazazi. Mwenye kandambili atembee haraka, nayo ni mazoezi. Ninyi huko hamna mawe kama yetu, mna miteremko; tafuteni palipo tambarare, hata kama ni padogo na watazunguka mara nyingi.

Na kama kuna wazazi walioshalipa, warudishieni pesa yao wiki hii hii, mkutanoni, mkisoma majina. Msiiache kwa direkta "mpaka tuone." Yetu iliachwa hivyo.